Nani Anahesabu Mionzi Yangu?

Mara ya mwisho nilipopigwa eksirei ya kifua, mpiga picha alikuwa amebana kibeji kidogo mfukoni. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema kinapima mionzi inayompata kazini, na matokeo huandikwa kwenye faili lake. Kisha akatoka nje, akafunga mlango, ndipo akabonyeza kitufe.

Mimi ni mhudumu wa ndege. Sina beji wala faili.

Na mionzi ninaipata. Tangu Victor Hess apande na puto mwaka 1912, inajulikana kwamba ukipaa sana mionzi huzidi, kwa sababu inatoka angani. Sisi tunafanya kazi futi 35,000 na zaidi, ambako hewa ya kuikinga imebaki kidogo mno. Njia nayo ina uzito wake. Karibu na ikweta, sumaku ya dunia hukengeusha chembe nyingi za mionzi hiyo. Ukikaribia ncha za dunia, kinga hiyo hupungua. Ndiyo maana safari mbili zenye saa sawa kwenye rosta si sawa mwilini.

Marekani, wastani wa wafanyakazi wa ndege ulikadiriwa kuwa kama milisiviti 3 kwa mwaka (milisiviti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Sitaki kumtisha mtu. Watafiti wa Harvard mwaka 2018 waliripoti saratani za matiti na za ngozi kuwa nyingi zaidi kwa wahudumu, lakini sisi pia hukesha usiku kucha, hivyo lawama yote haiwezi kubebeshwa mionzi.

Ninachodai ni hesabu. Katika Umoja wa Ulaya, mwajiri analazimika kumkadiria kila mfanyakazi wa ndege anayeweza kuvuka milisiviti 1 kwa mwaka, na kumweleza kiasi chake. Wala beji haihitajiki: programu ya kompyuta hutumia njia, kimo na tarehe ya safari, na yote hayo mwajiri wangu anayo. Nilipoomba hesabu yangu kwa barua, msimamizi alinijibu, "Dada, hiyo ni kama jua la dirishani tu." Hapana. Jua huzuiwa na bati la ndege, lakini nyutroni, chembe zilizomo katika mionzi hii, hupenya.

Wanaoniuma zaidi ni wajawazito. Pendekezo la kimataifa ni kwamba, mama akishatoa taarifa, mtoto tumboni asiongezewe zaidi ya milisiviti 1. Lakini kwetu anayetoa taarifa mapema hupewa likizo bila malipo, kwa hiyo wenzangu hunyamaza na kuendelea kuruka njia za kaskazini. Barua ya pili tumeitia saini wengi: kila mmoja aandikiwe kiasi chake, na mjamzito apewe kazi ya ardhini kwa mshahara uleule.