Chaja ya sola ya taa ya dagaa, na paneli iliyokuwa inazimia saa sita mchana

Baba mdogo anavua dagaa huku Ziwa Victoria, na kama hujui dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani ilikuwa karabai za mafuta sa hivi wengi wanatumia LED za betri. Yeye alikuwa na betri ya asidi, zito hilo, kulitoa mtumbwini kila asubuhi ni adhabu, afu halikumaliza hata mwaka. Nimeenda kumsalimia, nimesema shikamoo tu, akaitikia marahaba mwanangu, we si fundi umeme, nitengenezee kitu chepesi. Haya.

Pakiti ya betri yenyewe haikunisumbua sana. Nilikusanya seli za 18650 (zile za lithiamu, za mviringo kama betri ya tochi) kutoka betri za laptop zilizokufa, nikapima moja moja, zenye uwezo wa kufika 2000mAh nikaziweka kando, zingine nikaachana nazo. Tatu kwa mfululizo, mara nne sambamba, seli 12, nikafunga na BMS, kile kibodi cha kulinda betri kinachokata umeme mambo yakiharibika. Taa ni wati 6, masaa 10 ya usiku kucha ni kama watt-hour 60, pakiti ina karibu 88 kwa hiyo kuna akiba.

Kazi ikawa chaja. Kwanza naomba usichukue ile kontrola ya sola ya betri za asidi ukaichomeka kwenye lithiamu. Ile inapandisha mpaka volti 14.4 na pakiti ya seli tatu mwisho wake ni 12.6, yaani 4.2 kila seli. Mtu atakwambia si kuna BMS itakata, sawa itakata, ila BMS imewekwa kwa siku ya balaa, haijawekwa ifanye kazi ya chaja kila siku.

Basi mi nikachukua kibodi cha XL4015, kile cha kupunguza volti chenye skrubu mbili, moja ya volti moja ya ampia, nikaseti volti 12.3 makusudi (seli ikiishia 4.1 badala ya 4.2 inadumu zaidi) na ampia 2, paneli ya wati 20. Jua la saa sita kali kabisa, natazama multimita naona ampia 1.1 tu inaingia. Nikalaumu waya, nikalaumu lehemu yangu, nikabadilisha waya wote, bado 1.1. Siku ya pili ndo nikapata akili ya kupima upande wa paneli, kumbe imeshuka mpaka 13 wakati nyuma yake imeandikwa volti 18!

Hesabu ilikuwa mbele yangu muda wote. Ampia 2 mara volti 12 ni wati 24, paneli ina 20, na hiyo 20 ni ya maabara sio ya bati la moto. Kibodi kinadai tu, hakijui kama anayedaiwa hana, na paneli ukiidai kupita uwezo ampia haziongezeki, volti ndo zinaanguka, unabaki na theluthi mbili ya nguvu uliyolipia. Wingu likipita ndo usiseme.

Nikatafuta moduli yenye chipu ya BQ24650. Hii inaangalia volti za paneli, zikianza kushuka chini ya pale ulipopanga inapunguza ampia yenyewe. Unapanga kwa rezista mbili, chipu inataka volti 1.2 kwenye mguu wake, mi niliweka 130k na 10k ikaja volti 16.8 za paneli. Siku hiyo hiyo nikaona ampia 1.4 inaingia, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kituko kikaja baada ya wiki, baba mdogo ananipigia, mwanangu mashine yako mchana inalala. Nikafunga safari. Kumbe boksi kalifunga chini ya paneli, juu ya bati, na mle ndani nimeweka kihisi cha joto kinachosimamisha chaji pakiti ikifika kama nyuzi 45, mashine iko sawa kabisa ila imeokwa na jua. Tukavuta waya mita tatu tukaweka boksi ndani kwenye kivuli, na waya nikauchagua mnene.

Sa hivi mbalamwezi imekaa vizuri hawatoki, nimemwambia pakiti asiiache imejaa, aitumie ibaki kama nusu ndo aipumzishe. Akanijibu sawa, afu jirani yake anataka mbili. Seli zimeniishia, mwenye laptop mbovu anicheki.