Kimshale

Leo Jumatatu nimetolewa damu mara ya pili. Jibu Alhamisi. Naandika sasa hivi, kabla halijatoka, kwa sababu najua likishatoka, liwe zuri liwe baya, wiki hizi nitazikumbuka kwa namna nyengine.

Mara ya kwanza nilipima kwa ajili ya tumbo. Lilikuwa linajaa bila ya kula, hedhi zimekuwa nzito tangu Ramadhani, na kiuno hakiniachi. Nilikuwa Unguja kwenye harusi ya mtoto wa wifi yangu, nikaona bora nipite maabara kabla sijarudi Pemba. Wakanambia kuna pakeji ya vipimo vya wanawake, ukilipia vyote pamoja inakuwa nafuu. Nikalipa. Sikuuliza ndani mna nini.

Jioni nikapewa karatasi. Wingi wa damu sawa, sukari sawa, figo sawa. Mstari wa mwisho: CA-125, 71, na ubavuni kimshale cheusi kinatazama juu. Kiwango cha kawaida, chini ya 35. Nikamuuliza kijana wa dirishani maana yake nini. Akaitazama karatasi, akanitazama mie, akasema, "Mama, hii kamwone daktari," akaita jina la anayefuata. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Lakini sikupewa neno jengine lolote zaidi ya hilo, na kesho yake asubuhi nilikuwa na safari.

Kwenye meli ndipo nilipoandika herufi zile kwenye simu. Neno la kwanza kutokea lilikuwa saratani. Ya ovari, vifuko vya mayai ya uzazi. Kabla sijafika mstari wa tatu mtandao ukakatika, Unguja ishakuwa nyuma yetu, nikakaa na neno lile peke yake mpaka bandari ya Mkoani.

Siku tisa sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa dago, kambi ya wavuvi, na wenzake, anarudi mwezi ukiwa mkubwa, na habari kama hii haipigiwi simu mtu aliye ufukweni. Karatasi niliikunja mara nne nikaiweka kabatini chini ya kanga ambazo sizivai. Mchana nilisomesha kama kawaida, Darasa la Tano, sehemu na desimali. Usiku ndio mtihani. Nililala na simu chini ya shuka ili mwanga usimwamshe mtoto, nikisoma kisa cha mwanamke huyu na cha yule, hata simu inapata moto mkononi. Nikiiweka, naanza kujibonyeza tumbo. Hapa pagumu. Jana palikuwa pagumu hivi? Nikisikia adhana ya alfajiri nashukuru kuwa usiku umekwisha, kisha nakumbuka kuna usiku mwengine mbele.

Lililoniuma zaidi ya hofu ni kuona hofu yenyewe ni upungufu wa imani. Tumelelewa hivyo: muachie Mungu, tawakali. Nilikuwa naswali, nakaa kwenye mswala muda mrefu kuliko kawaida yangu, na moyo bado unapiga kama wa mtu aliyepanda mkarafuu mpaka kileleni. Nikajiona muongo mbele ya Mola wangu.

Basi siku ya kumi ikawa usiku wa kuchambua kwa shangazi yangu, nje kidogo ya Wete. Aliyekulia Pemba anaujua usiku wa namna hiyo. Karafuu zimerudi shamba na vishada vyake, zimemwagwa jamvini, taa katikati, watu wamezunguka. Unakamata kishada, unakibonyeza kwenye kiganja, unakizungusha, karafuu zinabaki upande huu na makonyo, vijiti vyake, unayatupa upande ule. Mkono unafanya wenyewe. Vidole vinakuwa vyeusi na utomvu, harufu inaingia kwenye nywele na siku ya pili darasani watoto wanajua ulikuwa wapi.

Shangazi alikuwa kando yangu. Akanyoosha mkono kwenye rundo langu, akainua konyo, akainua jengine.

"Mwanangu, unachanganya."

Nikatazama. Kweli, rundo langu zima lilikuwa limechanganyika, karafuu na makonyo pamoja, kama la mtoto wa miaka minne. Kazi hii naifanya tangu sijui kusoma.

Alingoja watu walipoingia ndani kunywa chai. Akanambia, haya. Nikamwambia. Nilisema nimepimwa na nimeonekana nna, nna yale maradhi. Sikuweza kulitaja. Kwetu hatulitaji. Marehemu mama yangu mdogo aliumwa titi mwaka mzima na nyumba nzima tukisema "ule uvimbe wake", hata siku ya hitima.

"Nani kasema unayo?"

"Karatasi."

"Karatasi imeandika saratani?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nayo siku hiyo kwenye mkoba, sijui kwa nini nilitoka nayo. Nikaikunjua chini ya taa na vidole vyangu vyeusi, nikaisoma mstari kwa mstari. Alama za vidole zimo mpaka leo. Neno lile halimo. Kuna namba, na kimshale.

"Basi tulitaje sie," akasema. "Saratani. Saratani. Umesikia? Nyumba imesimama." Kisha akauliza hiyo 125 si nyingi mno? Nikamueleza kuwa 125 ni jina la kipimo, changu mie ni 71. Akashusha pumzi. Nikagundua kuwa na yeye alikuwa anaogopa muda wote ule, na mikono yake haikuacha kuchambua.

Nikamwambia na lile la imani. Akanijibu kwa Nabii Yaakub, ambaye alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na yeye ni mtume, na subira yake imetajwa ndani ya Qur'ani. "Weye nani usilie?" Nililia palepale juu ya makonyo. Usiku ule nililala.

Wiki iliyofuata alinisindikiza Unguja kwa daktari wa wanawake. Naandika aliyonambia kwa urefu, kwa sababu ningeyapata siku ya kwanza nisingepitia zile siku tisa. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Siku ile unatolewa damu, ulikuwa kwenye siku zako?" Nilikuwa siku ya pili. Hakuna aliyeniuliza. Akanieleza kuwa CA-125 ni protini, na kila mwanamke anayo. Inatoka, pamoja na kwengineko, kwenye ngozi laini inayotanda ndani ya tumbo na viungo vya uzazi. Ngozi hiyo ikikereka, protini inapanda. Hedhi peke yake inaipandisha. Fibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio saratani, inaipandisha, na mimba changa, endometriosisi (utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake), maambukizi ya nyonga, maradhi ya ini, hata kifua kikuu kikiingia tumboni. Na saratani ya ovari pia, hakunificha. Akanambia na upande wa pili, ambao nilikuwa siujui: saratani hiyo ikiwa bado changa, karibu nusu ya wagonjwa namba yao huwa ya kawaida. Kwa hiyo namba peke yake haimhukumu mtu wala haimsafishi.

Kazi kubwa ya kipimo hiki, alisema, ni kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana anayo, kuona kama dawa inafanya kazi. Kumpima mtu asiye na dalili yoyote hakujaonekana kuokoa maisha. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, na matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha kuwa upimaji haukupunguza vifo. Nikauliza, basi mie nilikosea kupima? Akasema hapana, tumbo linalojaa kila siku na kutoacha si la kunyamaziwa. Kosa ni mtu kukabidhiwa namba na asikabidhiwe mtu wa kumueleza.

Ultrasaundi ilionyesha fibroidi mbili, kubwa ina sentimita 6. Ovari zote mbili zilionekana vizuri. Akanipangia kurudia damu baada ya wiki 6, mbali na siku zangu, na kama namba imezidi kupanda tutakwenda mbele na vipimo vyengine. Hakusema "huna kitu". Nilitamani sana aseme. Shangazi alipouliza kwa niaba yangu, akajibu kwa upole kuwa akisema leo atakuwa anabahatisha.

Wiki 6 ni nyingi. Mume wangu aliporudi nilimwambia usiku huohuo, akakaa kimya muda mrefu, kisha akatoka kwenda kuosha nyavu ambazo zilikuwa zishaoshwa. Simu sasa inalala jikoni kwenye mtungi wa mchele baada ya isha, mwanangu wa pili ndiye mlinzi. Tumbo nimejiwekea lisibonyezwe, na siku nyingi naweza. Zipo siku siwezi. Ijumaa mbili zilizopita nililia chooni kwa shule, nikanawa, nikarudi kusahihisha.

Karafuu zilikauka, tukaziuza, na makonyo yakachukuliwa. Fungu langu ndilo lililolipa nauli ya safari hii.

Asubuhi muuguzi aliponifunga kamba mkononi nilimuuliza kama haulizi siku zangu. Akacheka, akachukua kalamu, akaandika juu ya fomu: siku ya 12. Nikamuomba anioneshe alivyoandika.

Shangazi keshapiga simu mara tatu tangu saa nne. Namwambia Alhamisi, Shangazi. Anasema anajua ni Alhamisi, anataka kujua nimekula nini.