Wanne Wanne, Papo Hapo Ukumbini

Leo nimetoka kufundisha sauti imenikauka, lakini nina furaha. Darasa la uchumi la mwaka wa kwanza lina wanafunzi zaidi ya 300, na viti vya ukumbi havisogei. Haidhuru. Wawili wa safu ya mbele wanawageukia wawili walio nyuma yao, kikundi kimepatikana.

Ninazidi kuamini kwamba katika darasa kubwa, kazi ya vikundi ifanyiwe papo hapo. Ile ya kwenda nayo nyumbani tunajua mwendo wake: watu kumi, wawili wanaandika, wanane wanaongezewa majina kwenye ukurasa wa kwanza. Wala si uvivu tu. Huyu anakaa Rongai, yule Githurai, mwingine akitoka darasani anakimbilia kibarua. Kukutana Jumamosi ni nauli ya matatu kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha Nairobi nauli hupanda. Kwa wengi wao hiyo ni pesa ya chakula.

Idadi nayo ina neno. Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 majaribio ya watu kuvuta kamba: kadiri walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyopunguza nguvu zake. Katika wanne, anayenyamaza anaonekana.

Utaratibu wenyewe nimeutoa kwa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliyeanza kuutumia mwaka 1991. Swali moja gumu. Kila mtu ajibu kwanza peke yake, kisha ajadiliane na jirani, kisha ajibu upya. Zile dakika za kimya ndizo zenye uzito. Ukiziruka, mwenye sauti kubwa ataamua na wengine wataitikia. Na swali liwe la kubishaniwa kweli. Ukiuliza maana ya istilahi, watafungua simu na mjadala umeisha.

Leo niliuliza: serikali ikiweka kikomo cha bei ya unga, nani atanufaika na nani ataukosa? Ukumbi ulivuma Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Nilipita kwenye vijia nikisikiliza, kisha nikaita jina kutoka orodhani badala ya kungoja mikono ya wale wale wa mbele. Akasimama binti wa safu za nyuma ambaye sijawahi kumsikia muhula huu. "Mwalimu, sisi hatujakubaliana."

Nikamwomba atueleze pande zote mbili. Alieleza vizuri mno, hata ule wa mwenye duka anayeficha magunia, na vikundi viwili vikaomba kumjibu. Muda ukatuishia. Wiki ijayo tutaanzia hapo, na majibu hayo mawili ndiyo ya kwanza kusikilizwa.