Kabla hujampa dalali pesa

Jana nilimsindikiza mdogo wangu kuangalia nyumba ya kupanga Mwanakwerekwe, Unguja. Marumaru mpya, rangi bado inanuka. Dalali anatuharakisha: "Kuna mtu analeta pesa jioni." (Huyo mtu yupo kila nyumba, sijapata kumuona.)

Mimi macho kwenye kuta. Chini ya ile rangi mpya kuna mstari wa unyevu, kimo cha goti. Na masika ya Mwanakwerekwe yanajulikana, maji hayapigi hodi. Nikamwendea bibi jirani, anachambua mchele barazani. "Shikamoo bibi, hapa masika mnakaaje?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Tunapandisha magodoro juu ya makabati." Dalali kimya!

Jirani ndiye wa kuulizwa, tena dalali akiwa kaenda zake. Muulize mfereji (bomba) unatoa maji saa ngapi, maana kuna mitaa maji huja usiku wa manane tu, mchana ni kisima na ndoo. Umeme: tukuza (mita ya kulipia kabla) ni yako peke yako au mnachangia? Ukichangia mita na mtu anayeuza barafu, utakuwa unagandisha biashara yake.

Wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Sawa, lakini iandikwe: mkataba, mashahidi, risiti, na sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, ajue nani kahamia. Pampu ikiharibika nani anatengeneza? Hilo nalo liandikwe humo humo, hata mwenye nyumba akikwambia "sisi ni ndugu."