Kubadilishana Bia na Mtu Nisiyemjua

Mwaka jana nilimtumia mtu niliyefahamiana naye mtandaoni tu chupa sita za Balimi, kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, nikiahidiwa bia za Ubelgiji ambazo hazikufika kamwe. Iliniuma, kwa kuwa nilimwamini.

Siku hizi, kabla ya kufunga mzigo, huomba picha ya chupa yenyewe ikionyesha kizibo na tarehe ya mwisho wa matumizi, kando yake karatasi yenye jina langu, maana picha ya kuokota mtandaoni haithibitishi chochote. Anayekasirishwa na ombi hilo namwacha. Chupa ya kijani naipokea kwa tahadhari, kwani mwanga huiharibu bia upesi kuliko ikiwa katika chupa ya kahawia. Na yenye kizibo kilicholegea siinywi, hata mtumaji awe mwema kiasi gani.