Drili ya betri kwa kazi nzito: ukuta kwanza, betri pili

Ukiingia dukani kutafuta drili ya betri yenye nyundo, utaulizwa unataka ya volti ngapi. Kabla hujajibu, jiulize kwanza: unatoboa nini kutwa nzima?

Huku Tanga fundi mmoja hukutana na kuta tofauti kabisa ndani ya wiki moja. Nyumba mpya za Kange na Pongwe ni tofali za saruji na plasta, ila nguzo na mkanda ni zege lenye kokoto na nondo. Ukiitwa kwenye nyumba ya kale, iwe mjini au Pangani, unaweza kukuta ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, laini huku, pango kule.

Ndani ya drili yenye nyundo mna diski mbili zenye meno. Zikizunguka, meno yanapandana na kushuka, na kila kushuka ni pigo moja dogo kwenye biti. Mapigo ni mengi, hufika 20,000 hadi 30,000 kwa dakika, lakini ni mepesi, na nguvu yake inatoka begani mwako: usiposukuma, nyundo haipigi. Kwenye tofali inatosha kabisa. Tundu la fisha (plastiki inayoshika skrubu ukutani) ya milimita 8 ni suala la sekunde. Kwenye zege gumu, biti inafika kwenye kokoto inaanza kuzunguka papo hapo, inapata moto, ncha inageuka bluu, basi biti imekwisha. Mashine ya SDS, ile ya kutobolea zege, inafanya kazi kwa njia nyingine: pistoni inabana hewa na kupiga yenyewe, mapigo 4,000 au 5,000 tu kwa dakika, lakini kila moja ni zito. Kama kila siku unatoboa matundu kumi au zaidi kwenye zege, nunua SDS kwa kazi hiyo, usiitese drili. Drili yenye nyundo inabaki kuwa mashine ya tofali, mbao, chuma na skrubu, na hapo ndipo inapolipa.

Kwenye matumbawe zima nyundo. Ikipiga, tundu linapanuka, fisha inazunguka bure na skrubu haishiki.

Kwa kazi nzito tafuta mdomo wa kushika biti wa milimita 13, gia mbili, na nguvu ya kuzungusha isiyopungua Nm 100 (Nm ni kipimo cha nguvu hiyo). Nguvu hiyo si kwa ajili ya tofali. Unaihitaji unapotoboa tundu la kitasa la milimita 54 kwenye mlango wa mninga, au biti ya milimita 25 kwenye boriti. Kazi hizo zifanye kwa gia ya kwanza. Ukizifanya kwa gia ya pili unaunguza mota.

Nguvu hiyohiyo ndiyo inayovunja mkono. Biti ikinasa ghafla kwenye nondo, biti inasimama na mwili wa drili ndio unaotaka kuzunguka. Mashine ya Nm 120 ikinasa, mkono ulioshika umbali wa sentimita 30 kutoka katikati ya biti unapokea karibu uzito wa kilo 40, kwa mpigo mmoja. Bila mpini wa pembeni, mzigo wote unaishia kwenye kiganja, na ukiwa juu ya ngazi unaanguka. Drili nzito isiyo na mpini wake usiinunue, hata kwa bei ya kutupa. Zipo zinazojizima zenyewe zinapohisi mwili umezunguka ghafla; kama fedha inaruhusu, chukua hiyo. Ukigusa nondo usilazimishe: hamisha tundu sentimita 4 au 5 pembeni.

Kuhusu mota, chukua isiyo na kaboni (brushless). Ya kaboni ina faida moja ya kweli, kwamba kaboni zikiisha unazibadilisha mwenyewe kwa dakika chache, lakini inakula betri zaidi na inapata moto haraka.

Sasa betri, na hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa. Kwanza, 18V na 20V ni kitu kimoja. Ndani mna seli 5 mfululizo. Kwa volti 3.6 kila moja unapata 18, na zikiwa zimejaa, kwa volti 4 hivi, unapata 20. DeWalt wanaandika 20V Max kwa soko la Marekani na 18V kwa Ulaya. Usilipe zaidi kwa sababu ya namba hiyo.

Angalia Ah (ampea-saa), yaani kiasi cha umeme betri inachobeba. Betri ya kawaida ya Ah 2 ina safu moja ya seli 5. Ya Ah 5 kwa kawaida ina seli 10, safu mbili. Drili ikivuta ampea 40, safu moja inabeba zote 40. Zikiwa mbili, kila moja inabeba 20. Ndiyo maana drili ileile inakuwa legelege ukiifunga betri ndogo, hata kama imejaa. Kwa kazi nzito anza na Ah 4 au 5, na ununue mbili.

Betri bandia huijui kwa rangi wala stika. Ishike mkononi. Seli moja ya saizi ya 18650, inayotumika sana kwenye betri hizi, ina gramu 45 hivi, kwa hiyo seli 10 peke yake ni karibu gramu 450, bado ganda na sakiti. Betri iliyoandikwa Ah 5 ikiwa na gramu 400 kwenye mizani, ndani hamna seli 10. Pima kwa mita: ikiwa imejaa isome volti 20 hadi 21. Halafu toboa ubao mnene palepale dukani kwa biti kubwa. Betri mbovu inasoma vizuri kwenye mita, ikibebeshwa mzigo inazima.

Ukiwa hapohapo, funga biti ndefu iliyonyooka, bonyeza swichi polepole na uangalie ncha. Ikitulia, sawa. Ikichora duara, shafti au mdomo umepinda, na matundu yako yote yatakuwa makubwa kuliko fisha.

Soma kibandiko cha chaja. Mitumba ya Japani huja na chaja ya volti 100, ya Marekani volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua mara moja. Pia ukinunua mwili mtupu, piga hesabu ya betri mbili na chaja kabla hujasema ni rahisi.

Anayefanya kazi Raskazone au popote karibu na maji, apanguse vyuma vya betri kwa kitambaa kikavu kila jioni. Chumvi ikishika pale, mkondo unapita kwa shida, vyuma vinapata moto na plastiki ya pembeni inayeyuka. Na usiache betri juu ya bati au kwenye dashibodi: chaja nzuri itakataa kuichaji hadi ipoe, mbaya itaichaji hivyohivyo na kuiua.