Ng'ang'a aachiwe ritifaa yake kwenye databesi

Kuna kitu nakiona sana kwenye mifumo inayotengenezwa huku kwetu na kinaniuma kwelikweli. Mtu anaitwa Ng'ang'a au Ng'wandu, anajaza fomu, anaambiwa jina lina herufi zisizoruhusiwa, basi anaandika Nganga ili mambo yaende, wakati kitambulisho chake kinasema Ng'ang'a, na siku majina yakikataa kufanana anayezungushwa ni yeye, sio aliyetengeneza mfumo. Na mara nyingi chanzo ni kwamba ritifaa, hiyo alama ya ' kwenye jina, iliwahi kuvunja kweri ya mtu (amri anayoipa databesi), akaona aipige marufuku tu yaishe. Jamani, SQL, lugha inayoandikiwa hizo amri, ina sheria ya hiki kitu na ni ndogo sana.

Iko hivi, maandishi kwenye SQL yanafungwa na ritifaa moja mwanzo na moja mwisho, ndo databesi inajua hapa yameanza na hapa yameisha. Sasa ukiandika

SELECT * FROM wateja WHERE mtaa = 'Chang'ombe';

inasoma 'Chang' inaona basi maandishi yameisha, inakutana na ombe haielewi imetoka wapi, halafu ile ritifaa ya mwisho inafungua maandishi mengine ambayo hayafungwi popote. Kama unaandika moja kwa moja kwenye psql (sehemu ya kuandikia amri ya databesi ya PostgreSQL) au kwenye ile ya MySQL hata erori huioni, unabonyeza enta inashuka mstari mpya na mwanzoni mwa mstari inakuwekea ka-ritifaa, yani inakusubiri ufunge, na wengi hapo wanadhani kompyuta imeganda.

Dawa yake ni kuandika ritifaa mara mbili pale katikati: 'Chang''ombe'. Ni ritifaa mbili zimefuatana, sio ile alama moja ya mikwaju miwili ("), na kinachohifadhiwa ni moja tu, pima urefu utapata 10 na sio 11. Ng'ang'a anakuwa 'Ng''ang''a', inatisha kidogo kwa macho lakini ndo sahihi.

Wengine wanakimbilia "Chang'ombe" na MySQL kwa mipangilio yake ya kawaida inakubali, ndo maana tabia imesambaa, ila kwa kanuni za SQL mikwaju miwili ni ya majina ya tebo na kolamu, kwa hiyo ukiipeleka kweri hiyohiyo PostgreSQL unajibiwa hakuna kolamu inaitwa Chang'ombe. Na ule mtindo wa \', yani kutanguliza \ kabla ya ritifaa, nao MySQL inaukubali, PostgreSQL kuanzia toleo la 9.1 la mwaka 2011 haiutambui kwenye maandishi ya kawaida. Ritifaa mbili zinapita kote.

Hiyo lakini ni kwa kweri unayoiandika kwa mkono. Jina likitoka kwenye fomu usiliunganishe na kweri kabisa, weka ? au $1 pale thamani inapokaa na jina lipite kama parameta, yani litumwe kando na kweri, hapo hurudufishi chochote, na yule anayechomeka ritifaa makusudi ili afuatishe amri zake za kufuta tebo anakosa pa kupitia.

Kuna ritifaa nyingine mbaya zaidi kwa sababu haipigi kelele, ile iliyopinda (’) inayowekwa na Word na baadhi ya simu. Kwa databesi hiyo ni herufi tofauti kabisa, kwa hiyo Chang’ombe na Chang'ombe ni mitaa miwili, unatafuta mteja humpati na erori hakuna. Mimi nashauri isafishwe data ikiingia tu:

REPLACE(mtaa, '’', '''')

Zile nne za mwisho zisikuchanganye, mbili za nje zinafunga, mbili za ndani ni ritifaa moja.

Halafu wale wasio na jina la kati. Kolamu ikiwa NULL, yani haina thamani yoyote, jina || ' ' || jina_kati || ' ' || ukoo kwenye PostgreSQL (hiyo || inaunganisha maandishi) inarudisha NULL, yani mtu mzima anapotea kwenye ripoti kisa hana jina la kati. Ukiweka COALESCE(jina_kati, ''), inayoweka maandishi matupu pale penye NULL, anarudi ila na nafasi mbili katikati ya jina, bora concat_ws(' ', jina, jina_kati, ukoo), yenyewe inairuka NULL pamoja na nafasi yake, na kwa MySQL pia ipo.